Mchezaji aliyekosa mchezo mmoja tu

Nataka nikuanzie mbali kidogo, katika uwanja mmoja wa ndege huko Marekani. Mzee mmoja, pande la mtu, amefika penye mashine ya kukagulia abiria akifuatana na mkewe. Maafisa wanamwambia avue pete mbili kubwa alizovaa vidoleni aziweke katika kisahani, kama abiria wote wanavyoagizwa. Mzee anakataa. Anaambiwa mara ya pili, anakataa vilevile. Kisha anawapita na kutimua mbio kuelekea ndege iliko. Maafisa wanamfukuza na kumkamata kwa nguvu, ilhali mgonjwa huyo hajui hata kosa lake ni lipi.

Mzee huyo alikuwa akiitwa John Mackey. Pete moja alipewa kwa ubingwa wa fainali kuu ya kandanda ya Kimarekani, iitwayo Super Bowl, iliyochezwa Januari 1971. Ya pili alipata kwa kuingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo mwaka 1992. Wakati wa kisa hicho cha uwanja wa ndege kumbukumbu zake nyingi zilikuwa zimekwisha kumtoka. Pete hazikumtoka.

Nimemchagua Mackey leo kwa sababu moja. Wanaomwandika husifu kwamba katika miaka 10 ya kucheza kandanda ya kulipwa alikosa mchezo mmoja tu. Mashabiki wakiisoma sentensi hiyo hupiga makofi. Mimi ni daktari wa kawaida, wa mafua na shinikizo la damu, wala si bingwa wa maradhi ya ubongo. Lakini kila ninapoisoma naona kama nimefunguliwa faili ya mgonjwa.

Yamkini wewe msomaji huujui mchezo wenyewe, kwa hivyo nikueleze kwa ufupi. Usidhani ni kandanda hii yetu ya Gor Mahia na AFC Leopards. Mguu hutumika kwa nadra, na mpira wao umechongoka pande zote mbili. Uko karibu zaidi na raga, ila wachezaji huvaa helmeti na mapedi mabegani, na wanaruhusiwa kumzuia kwa mwili hata yule asiye na mpira. Kila upande huwa na watu 11. Katikati husimama ukuta wa majitu matano ambayo kazi yao ni kumkinga mrusha mpira asifikiwe na adui. Mwishoni mwa ukuta huo, begani kwa jitu la mwisho, ndipo anaposimama mchezaji aitwaye taiti-endi.

Taiti-endi ana ajira mbili kwa mshahara mmoja. Pengine huwa sehemu ya ukuta, akipambana ana kwa ana na mtu mzito kumshinda. Pengine huchomoka ukutani, akakimbia, akadaka mpira uliorushwa, na hapo akarukiwa na watu wawili watatu wanaokuja kwa kasi ya farasi. Kwa maneno mengine, yeye hugongwa akiwa amesimama na hugongwa akiwa anakimbia.

Mackey ndiye aliyeipa nafasi hiyo sura mpya. Kabla yake taiti-endi alikuwa zaidi ni mtu wa kuzuia, akirushiwa mpira mfupi mara mojamoja. Yeye alikuwa na uzito wa kilo 100 na ushei lakini akikimbia kama mwenye kilo 70. Aliajiriwa na klabu ya Baltimore Colts mwaka 1963 na kuichezea hadi 1971, kisha akamalizia San Diego mwaka 1972. Katika msimu wa 1966 alifunga mara tisa kwa mipira ya kudaka, na sita kati ya hizo zilikuwa za mwendo wa yadi 50 au zaidi. Katika fainali ile ya Januari 1971 dhidi ya Dallas, mpira wa Johnny Unitas uliguswaguswa na watu wawili hewani ukamwangukia yeye mikononi, akaupeleka hadi mwisho wa uwanja, yadi 75. Colts walishinda 16-13. Kwa jumla alidaka mipira 331 na kufunga mara 38.

Wenye kumkumbuka hawamsifu kwa mbio peke yake. Husema alikuwa akipita katikati ya watu, mmoja akimpiga bega, wa pili akimpiga kichwa, wa tatu akimng'ang'ania kiuno, naye bado yumo mbioni. Hebu zihesabu hizo kama daktari anavyohesabu vidonge. Mipira 331 aliyodaka ni ile iliyoandikwa vitabuni. Migongano aliyoipata akiwa ukutani, mchezo hata mchezo, na siku za mazoezi baina ya michezo, na miaka ya shule na chuo kabla ya hapo, hakuna karani aliyeiandika.

Sasa tuingie ndani ya kichwa. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo moja na nusu, nao ni laini kuliko wengi wanavyodhani. Umekaa ndani ya fuvu ukiwa umezungukwa na maji. Ukitaka kuelewa, chukua nazi kavu uitikise karibu na sikio. Utasikia maji yakicheza. Nazi hiyo ikiwa bado ina makumbi yake unaweza kuiangusha kutoka mnazini na kifuu kisipasuke, lakini maji ya ndani yatatikisika tu. Helmeti ni makumbi. Inalinda fuvu lisipasuke, na kwa hilo tunaishukuru kwani zamani vijana walikufa kwa mafuvu kupasuka. Haiwezi kuuzuia ubongo usirushwe mbele na nyuma pale kichwa kinaposimamishwa ghafla.

Ubongo ukirushwa hivyo, nyuzi nyembamba zinazopeleka habari kutoka upande mmoja hadi mwingine huvutika na kupindika. Hilo ndilo tunaloliita mtikisiko wa ubongo. Watu wengi, wakiwemo walimu wa michezo, huamini kwamba mtikisiko ni lazima mtu azimie. Si kweli. Wengi wanaopata mtikisiko hawazimii kabisa. Huduwaa kidogo, huona ukungu, huhisi kichefuchefu, huuliza swali lilelile mara tatu. Na kuna migongano midogo isiyoleta dalili yoyote siku ile, mchezaji akainuka na kujipangusa nyasi, lakini nayo huwekwa akiba. Ikirudiwa mamia na maelfu ya mara, huweza kuzaa maradhi ambayo wataalamu huyaita kwa herufi tatu, CTE.

Katika maradhi hayo protini iitwayo tau, ambayo kwa kawaida husaidia kushikilia umbo la chembechembe za ubongo, huharibika na kujikusanya kama kutu kandokando ya mishipa midogo ya damu, hasa katika mabonde ya ndani ya ubongo. Chembechembe hufa polepole. Huenda ikapita miaka 10 au 20 baada ya mtu kuacha mchezo ndipo dalili zitokee: hasira zisizo na sababu, huzuni, kusahau, kushindwa kupanga mambo, mwishowe kushindwa kujihudumia. Hadi leo hakuna tiba, na hakuna kipimo cha kuyathibitisha mtu akiwa hai. Hupatikana kwa kuupasua ubongo baada ya kifo.

Usidhani jambo hili liligunduliwa jana. Mwaka 1928 daktari mmoja wa Marekani, Harrison Martland, aliandika juu ya mabondia waliokuwa wakipepesuka na kubwabwaja kama walevi ilhali hawajanywa kitu. Kwa miongo mingi madaktari tuliliweka jambo hilo katika kabati la ngumi tukalifunga kwa ufunguo, kana kwamba ubongo unatambua kama aliyeupiga ni glavu au bega.

Mackey alianza kubadilika alipokaribia umri wa miaka 60. Alipatikana na aina ya ugonjwa wa kupoteza akili unaoshambulia sehemu za mbele na za ubavuni mwa ubongo. Aina hii hutofautiana na ile ya wazee wengi. Hauanzi kwa mtu kusahau alipoweka funguo. Huanza kwa kubadilika tabia. Mtu mpole huwa mkali, mwenye haya hukosa haya, mweledi wa fedha huzitapanya. Kwetu hapa mzee akianza hivyo husemekana amerogwa, au amekuwa mlevi kisirisiri, au amemchoka mkewe. Huletwa kwa daktari akiwa wa mwisho kufikiriwa, baada ya mchungaji, mganga na kikao cha ukoo.

Na huyu hakuwa mtu wa hivihivi. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kibaptisti. Yeye mwenyewe alisoma Chuo Kikuu cha Syracuse, ambako alikaa chumba kimoja na Ernie Davis, mchezaji wa kwanza mweusi kushinda tuzo ya Heisman, aliyekufa kwa saratani ya damu mwaka 1963 kabla hajacheza hata mchezo mmoja wa kulipwa. Mwaka 1970 Mackey akawa rais wa chama cha wachezaji na kuongoza mgomo wa kudai pensheni na marupurupu bora. Kisha alikuwa wa kwanza katika orodha ya wachezaji walioishtaki ligi kwa sababu ya kanuni iliyomfunga mchezaji kwa klabu yake hata baada ya mkataba kwisha. Kesi hiyo hujulikana kwa jina lake, na mahakama ya rufani iliamua kwa upande wa wachezaji mwaka 1976. Wapo wanaoamini kuwa ujasiri huo ndio uliomchelewesha kuingizwa katika Jumba la Mashujaa hadi mwaka wake wa mwisho wa kustahili. Kichwa kilichofikiri hayo yote ndicho kilichoharibika.

Hapa, msomaji, lazima nimtaje mkewe, Sylvia. Katika kazi yangu nimejifunza kwamba ugonjwa wa ubongo huwa na wagonjwa wawili, na mmoja wao hana faili. Pensheni ya mumewe, ile ile ambayo mumewe alikuwa amegoma ili iongezwe, haikutosha hata kidogo kwa gharama za kumtunza. Sylvia, aliyekuwa mwanamitindo ujanani mwake, akaenda kutafuta kazi ya kuhudumia abiria ndegeni katika umri ambao wenzake walikuwa wakijiandaa kustaafu, kwa sababu kazi hiyo ilikuja na bima ya matibabu. Wakati huo hakukuwa na malipo ya ulemavu kwa ajili ya mumewe. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba haijathibitishwa kuwa ugonjwa umetokana na mchezo.

Nimeisikia hoja hiyo kwa lafudhi nyingi. Mfanyakazi wa kiwandani anakohoa, anaambiwa athibitishe kwamba ni vumbi la kiwanda. Mpulizaji dawa shambani anapata vidonda, anaambiwa athibitishe kwamba ni dawa. Anayetakiwa kuleta ushahidi ni mgonjwa, na mwenye fedha za kuutafuta ushahidi ni yule asiyetaka upatikane. Sisemi sayansi itupwe. Nasema kwamba wakati ushahidi unatafutwa, mtu anahitaji kuogeshwa na kulishwa leo.

Mwaka 2006 Sylvia alimwandikia barua mkuu wa ligi, Paul Tagliabue, akimweleza jinsi maradhi hayo yanavyomla mumewe na anayemtunza pia. Barua ilizaa matunda. Mwaka 2007 ligi na chama cha wachezaji walianzisha mpango wa kuwasaidia wachezaji wastaafu wenye maradhi ya kupoteza akili: hadi dola 88,000 kwa mwaka kwa anayetunzwa katika makao maalum, na hadi dola 50,000 kwa anayetunzwa nyumbani. Waliuita Mpango wa 88. Hiyo ndiyo namba iliyokuwa mgongoni mwa jezi ya Mackey. Namba ya jezi ikawa kiasi cha pesa za matunzo.

John Mackey alifariki Julai 2011 akiwa na umri wa miaka 69. Familia yake iliutoa ubongo wake kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston, nao waliyakuta maradhi ya CTE.

Kabla ya hapo kulikuwa na mlango uliofunguliwa na Mwafrika mwenzetu, nami hupenda kumtaja mbele ya wanafunzi wa udaktari wanaodhani uvumbuzi ni wa watu wengine. Bennet Omalu alizaliwa Nigeria mwaka 1968, wakati wa vita vya Biafra, na kusomea udaktari hukohuko. Mwaka 2002 alikuwa akifanya kazi ya kupasua maiti mjini Pittsburgh alipoletewa mwili wa Mike Webster, mchezaji mashuhuri wa kandanda hiyo aliyekufa akiwa na miaka 50 baada ya kuishi maisha ya kuhangaika. Ubongo kwa macho ulionekana mzima. Omalu hakuridhika, akauhifadhi, akaukata vipande vyembamba na kuvitazama kwa darubini, akaiona ile tau. Alipochapisha matokeo yake mwaka 2005, madaktari wa kamati ya ligi waliandika kudai makala hiyo iondolewe. Haikuondolewa. Ilipofika Machi 2016 ofisa mkuu wa afya na usalama wa ligi hiyo alikiri mbele ya wabunge kwamba uhusiano upo.

Mwaka 2017 watafiti wa Boston walitangaza kwamba katika bongo 111 za wachezaji wa zamani wa ligi hiyo, 110 zilikuwa na CTE. Takwimu hiyo imerudiwa sana, na mara nyingi imerudiwa vibaya. Bongo hizo zilitolewa na familia ambazo nyingi tayari zilikuwa zimeona jambo la kutisha kwa mpendwa wao. Si sawa na kusema kwamba wachezaji 110 katika kila 111 wataugua. Kadhalika, taiti-endi mwingine, Aaron Hernandez, aliyekuwa amefungwa maisha kwa kuua, alijiua gerezani Aprili 2017 akiwa na miaka 27 tu, na ubongo wake ukakutwa na CTE iliyokomaa kupita kiasi kwa umri wake. Wapo waliokimbilia kusema maradhi ndiyo yaliyoua. Daktari mwaminifu hawezi kusema hivyo. Wenye CTE wengi hawamgusi mtu. Lakini miaka 27! Nilipoisoma taarifa hiyo niliweka gazeti chini nikatoka nje kidogo.

Kuna jambo moja lililonikera zaidi ya hayo. Ligi ilipokubali kuwalipa fidia wastaafu, malipo ambayo yamepita dola bilioni moja, kipimo kilichotumika kuamua nani ameharibika akili kilimdhania mchezaji mweusi kuwa alianza na akili ndogo kuliko mzungu. Hivyo mweusi na mzungu wakipata alama zilezile katika mtihani, mzungu angehesabiwa mgonjwa na mweusi angeambiwa hajapoteza kitu. Hayo hayakuwa ya enzi za utumwa. Ni mwaka 2021 ndipo walipoahidi kukiacha, baada ya wachezaji weusi kwenda mahakamani.

Utaniuliza, daktari, haya ya Marekani yanatuhusu nini sisi? Klabu ya Colts ilihama Baltimore mwaka 1984 ikaenda Indianapolis, na ni klabu hiyo hiyo iliyomsajili Daniel Adongo wetu mwaka 2013, Mkenya aliyeibukia katika raga, naye akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Waliomtafuta walijua kwamba mwili uliokomazwa na raga unaweza kazi ile. Migongano ni ya ukoo mmoja. Na raga ndiyo inayojaza viwanja vyetu mwisho wa wiki, na ndiyo inayochezwa katika shule zetu za upili na wavulana, na siku hizi wasichana, ambao wengi wao hawana daktari ndani ya kilomita tano.

Sasa nikiri langu. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa nikae kando ya uwanja katika mashindano ya shule, shule ambazo sitazitaja. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alimwangusha mwenzake kwa kichwa kikiwa upande usiofaa, goti likampata chini ya sikio. Alilala chini kwa muda wa kuhesabu hadi tano. Nilipomfikia alikuwa amekwisha kuketi. Nikamuuliza jina lake, akalitaja. Nikamuuliza shule yake, akaitaja. Nikamuuliza ni siku gani, akasema Jumamosi, na kweli ilikuwa Jumamosi. Kocha alikuwa amesimama juu ya kichwa changu akisema, "Daktari, yuko sawa huyu, ni simba." Wanafunzi wenzake walikuwa wakiimba jina lake. Zilikuwa zimesalia dakika 12. Nikasema aendelee.

Aliendelea, na shule yao ikashinda. Wakati wa kugawa zawadi nilimsikia akimuuliza mwenzake wamecheza na nani. Akajibiwa. Baada ya kitambo akauliza tena.

Majuma matatu baadaye mama yake alinitafuta zahanati. Hakuja kulaumu, hakujua kwamba ni mimi. Alisema, "Daktari, mwanangu amerudishwa nyumbani, hawezi kusoma. Akifungua kitabu kichwa kinamwuma. Mwanga hautaki. Juzi amempiga mdogo wake, na hajawahi." Mkobani alikuwa na kikombe kidogo cha bati ambacho shule ilimpa kijana kwa ushujaa, nadhani alitaka nijue kwamba mwanawe ni mtoto wa maana. Nilimwambia ukweli kuhusu nafasi yangu katika jambo hilo. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza tu, "Atapona?" Alipona, alhamdulillahi, lakini ilichukua muhula mzima, na mtihani wa mwisho wa mwaka ukampita.

Nilikuwa nimefanya kosa ambalo ningemkemea mwanafunzi wangu akilifanya. Jina, shule na siku ni maswali ya kumpima mtu aliyelewa sana. Mwenye mtikisiko huweza kuyajibu yote. Nilipaswa kumuuliza ni kipindi cha kwanza au cha pili, nani amefunga mara ya mwisho, wiki iliyopita walicheza na nani. Na hata angejibu yote hayo, kule kulala chini na kuduwaa kulitosha. Kanuni za raga ya vijana ziko wazi: mchezaji akishukiwa ameumia ubongo hutolewa, na siku hiyo harudi. Hakuna neno "kuthibitishwa" mle. Kushukiwa kunatosha. Hata ligi ile ya Marekani, ambayo ilichelewa mno, tangu Desemba 2009 haimrudishi mchezaji siku hiyohiyo akionyesha dalili hizo.

Maoni yangu, basi, ni haya, na najua baadhi ya makocha watayachukia. Sitaki raga ifutwe. Raga imewapa vijana wengi wa nchi hii karo, safari na nidhamu, na mtoto asiyecheza chochote ana hatari zake, ambazo nazo naziona zahanatini kila siku. Ninachotaka ni tuache kumpa zawadi mtoto kwa sababu hakukosa mchezo. Rekodi ya kutokosa mchezo haipimi ushujaa. Mara nyingi hupima idadi ya watu wazima walionyamaza, nami nilikuwa mmoja wao. Na neno la mwisho kando ya uwanja liwe la yule asiyejali nani atashinda, awe daktari, muuguzi au mzazi wa shule ya tatu.

Mzazi, mwanao akirudi nyumbani jioni baada ya kugongwa kichwa, usiulize kama walishinda. Mwangalie. Akitapika zaidi ya mara moja, akiwa na maumivu ya kichwa yanayozidi badala ya kupungua, akilala usingizi mzito usioweza kumwamsha, akipata kifafa, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au mkono ama mguu ukikosa nguvu, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali kubwa usiku huohuo, kwani huenda damu inavuja ndani ya fuvu na kila saa ina thamani. Kama hana hayo ila kichwa kinamwuma na amezubaa, apumzike siku moja mbili, asipewe dawa za usingizi, simu na televisheni ziwekwe kando, kisha arudi kwenye masomo kidogo kidogo kabla ya kufikiria mpira. Asirudi uwanjani akiwa bado na dalili hata moja. Ubongo wa kijana ukipigwa mara ya pili kabla haujapona unaweza, kwa nadra lakini kwa ukatili, kuvimba na kumuua kwa muda mfupi sana.

Na akikuambia kichwa hakimwumi, usimwamini upesi kama kuna fainali wiki ijayo. Muulize mwenzake wa bwenini.